Jiliwa Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi
Kipimo kimefika! Kizito kama tofali, kina uso kama wa saa, wenye mshale. Unakiweka kati ya taya za jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, unazungusha mkono wa jiliwa, mshale unakuambia limebana kwa kilo ngapi. Msimamizi kanikabidhi mimi. Nipime majiliwa yote sita ya karakana, mwisho Ijumaa. Yaliyolegea yatatupwa. Chanzo ni namba nne: wiki jana liliachia chuma, Mjomba, fundi mwenzangu hapa karakana, akachubuka vidole viwili. Analilaani mpaka leo.
Mume wangu kauliza kama kinapima na kukumbatiwa. Nikamwambia kwake mshale hautatikisika. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Machi
Nimesafisha, nimepaka grisi, nimepima matatu. Kila moja mara tano, navuta mkono kwa nguvu ileile. Yote kwenye elfu moja na mia mbili. Raha iliyoje namba zikipatana! Mabega yanauma, lakini yanauma vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Namba nne — elfu moja mia mbili na arobaini. Limeyapita yote, hata namba tano na sita nilizomalizia leo. Nikarudia. Vilevile. Mjomba kasema kipimo kibovu, akaondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba kaniwahi asubuhi. Kavuta mwenyewe namba nne: mia saba. Namba mbili: mia saba. Namba sita haikufika hata hapo.
Tulikuwa wawili tu. Huyu ndiye aliyenishikisha tupa, akanifundisha kunyoosha chuma. Mikono yake tuliiita koleo.
Nikamuuliza tangu lini. Tangu mwaka jana, kasema. Siku hizi hata vifungo vya shati anafungiwa na mkaza mjomba.
"Usiyaandike hayo," kaniambia.
Sikuyaandika. Kwenye karatasi ya msimamizi kuna namba zangu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekabidhi karatasi. Hakuna jiliwa la kutupwa. Msimamizi kafurahi, kisha kauliza: sasa chuma kiliponyokaje? Nikaanza kufuta kipimo kilichokuwa safi.
Mjomba akaweka tupa chini, akaja taratibu.
"Tia kipimo, mpwa wangu. Naye aone."
Nikatia. Akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mia saba. Msimamizi akautazama mshale, akamtazama yeye, akamwomba waingie ofisini.
Naandika hapa mezani. Nusu saa sasa, mlango umefungwa. Wenzangu wanajifanya wana kazi. Mara moja nimemsikia Mjomba akicheka, kile kicheko chake cha kifuani, ambacho mwaka mzima sijakisikia. Sasa msimamizi katoa kichwa, ananiita na mimi —