Mgongo Niliosema Umepona

Likasi, Alhamisi

Mama yangu,

Jambo. Jambo ya pili ni ya Merveille, mjukuu wako, ambaye amelala kwenye mkeka hapa mbele yangu na vidole viwili mdomoni. Umeamkaje huko Kalemie? Ile tensioni yako ya damu imetulia, ao bado unakunywa dawa siku unayokumbuka tu? Sisi tunapumua. Mvua imeanza, matope ya mtaa wetu wa Kikula unayajua kwa kusikia, mimi ninayajua kwa kufua.

Kwanza ninakuomba kitu kimoja. Barua hii uisome peke yako. Kama miwani bado imevunjika, akusomee dada Riziki, mlango ukiwa umefungwa. Ninakujua, mama. Simu ikilia unaiweka sauti kubwa, majirani wanasogeza viti, na kabla sijamaliza kusalimia watu wanne wameshanijibu. Na huku kwangu si afadhali. Chumba chetu na cha mama mkwe vinatenganishwa na ukuta ambao ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakuambia pole. Ndiyo maana nimeandika, na nitampa Mama Feza, yule anayetuletea samaki wa ndagala kwa treni, akuwekee barua mkononi mwako.

Mama, sijapona.

Ile habari niliyokupa kwenye simu, kwamba mgongo umepona na Mungu ametenda, ilikuwa kweli kwa siku moja tu, Jumapili moja. Wewe ulipiga vigelegele, nikasikia na wenzako wa maombi wanaimba nyuma yako, baadaye nikashindwa kukuambia kweli. Nisamehe. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Maumivu yalianza mimba ikiwa na miezi saba, chini kabisa, pale kitenge kinapofungwa. Wote wakasema mtoto akitoka yatatoka naye. Mtoto akatoka, yenyewe yakabaki. Mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto na kunifunga tumbo kama desturi, nikavumilia arobaini yote. Baadaye wakasema ni maziwa, mara ni baridi ya sakafu, mara ni kwa sababu mimi ni mwembamba. Merveille akafika miezi minne, nikawa bado ninatoka kitandani kwa magoti.

Ndipo ikafika siku ya kumpeleka mtoto kanisani aombewe. Unajua tunasali na mama mkwe, yeye ni mkubwa wa kina mama pale. Mchungaji akaita wenye maumivu waende mbele. Mimi nilikaa. Mama mkwe akanisukuma kwa kiwiko, akanong'ona, "Sifa, simama. Batu banakuangaria." Nikaenda. Waliponiwekea mikono nilisikia joto limeshuka mgongoni, na mama, sikudanganyi kwa hilo, maumivu yaliondoka. Nililia kwa furaha.

Sasa kanisani kwetu kuna desturi. Aliyepona haambiwi aseme tu, anaambiwa afanye kile alichokuwa hawezi kufanya. Mchungaji akaniuliza ni kitu gani kilikuwa kinanishinda. Nikasema, kuinama na kubeba maji. Wakaleta bidoni ya lita ishirini ya pale kanisani, imejaa maji. Mama mkwe akasema, "Onyesha batu." Nikainama, nikaiinua, nikaizunguka mimbari mara tatu nikiwa nayo kichwani. Watu walipiga makofi, mama mkwe alicheza mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Jioni ile ndiyo niliyokupigia simu.

Jumatatu asubuhi nilishindwa kuvaa kiatu.

Ungeniuliza, Sifa, kwa nini hukusema? Mama, ningesema kwa nani? Huku wanafundisha kwamba ugonjwa ukishafukuzwa, ukiutaja kwa mdomo wako umeufungulia mlango mwenyewe. Ningemwambia mama mkwe, angesema nimekosa imani. Na jina langu lilikuwa limeshabadilika, kina mama wa kanisa wananiita Mama Ushuhuda. Kukiwa na arusi, masufuria makubwa ni yangu. Kukiwa na msiba, maji ni yangu. "Mupe Mama Ushuhuda, ule iko na nguvu." Nikawa ninabeba huku ninacheka. Nimekuwa mpumbavu, ninajua, lakini mtu akishapigiwa makofi na kanisa zima anaogopa kuyarudisha.

Basi nikajifunza kujificha. Ninafua nikiwa nimesimama, beseni likiwa juu ya meza, nikisema kuku wananisumbua chini. Kitu kikianguka ninakisukuma kwa mguu mpaka ukutani, halafu ninashika ukuta nikishuka kukiokota. Ninajifunga kitenge ndani ya nguo, nikikikaza kabisa, mpaka chakula hakishuki. Ninajipaka ile pomadi yenye harufu kali, nikiulizwa ninasema ni ya mbu. Baba Merveille akirudi kutoka mgodini Kambove ananukia udongo na mimi ninanukia pomadi, na hakuna anayemwuliza mwenzake. Mume wangu sikumwambia. Anaposhuka shimoni nataka akili yake yote iwe humo shimoni.

Miezi minne nimeishi hivyo. Halafu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Kwanza vidole, baadaye ugoko, baadaye ninakanyaga na sijui kama nimekanyaga.

Sasa sikiliza lililotokea wiki iliyopita. Nilienda bombani asubuhi, Merveille mgongoni, bidoni kichwani. Ninarudi, njia ni kavu, hakuna jiwe, na mguu ule ukakosekana. Sina namna nyingine ya kusema. Niliuweka chini na haukuwepo. Nikaanguka kwa magoti, bidoni ikaruka nyuma. Ilipita karibu na kichwa cha mtoto, mama, karibu kama upana wa kiganja, ikapasuka nyuma yetu. Maji yalimlowesha mwili wote. Yeye alinyamaza kwanza, na ule ukimya wake ndio ninaousikia mpaka leo. Kisha akalia, na mimi nikashukuru kwa kilio chake.

Mama Georgette alikuwa nyuma yangu, naye akitoka bombani. Ni jirani yetu, Mkatoliki, mumewe anafanya kazi usine, kule kiwandani, mwanamke asiyezunguka na maneno. Alimfungua mtoto mgongoni, akamkagua kichwa kote, halafu akaniangalia mimi niliyekuwa bado chini.

"Sifa, weye uko mugonjwa."

"Hapana mama, nimeteleza tu."

"Ku njia kavu hivi? Simama basi, nione."

Sikusimama. Akakaa chini pamoja nami pale pale, na kitenge chake safi, akasema, "Miye siko mutu wa kanisa yenu. Unaweza kuniambia." Nikamwambia yote. Hakucheka, wala hakulisema vibaya kanisa. Alisema tu kwamba kesho yake tutaenda pamoja kwa munganga wa hospitali, na kama mama mkwe atauliza, tunakwenda sokoni. Nilikubali, nikaongeza uongo mmoja juu ya ule mwingine.

Daktari ni kijana, mwenye upole. Alinilaza, akaniinua mguu mmoja mmoja, akanichoma vidole vya miguu kwa kitu chenye ncha, akasema nifumbe macho na nimwambie anaponichoma. Upande wa kulia nilijibu vizuri. Upande wa kushoto nilikuwa nikingoja aanze, kumbe ameshamaliza. Akaniuliza ni tangu lini. Nikasema tangu mimba. "Na juu ya nini ulikawia hivi, mama?" Nikamjibu, "Nilikuwa nimepona." Kalamu yake ikasimama, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Georgette, halafu akaandika.

Alinieleza kwamba kati ya mifupa ya mgongo kuna vitu laini, na kimoja labda kimetoka mahali pake, kinaubana mshipa unaoshuka mguuni. Labda, alisema. Mpaka nipigwe picha ya mgongo ndiyo atajua. Amenipeleka kwanza kwa kine, ndiyo jina la fundi wa viungo huku, mwanamke anayenifundisha namna ya kulala, kuamka na kukaza tumbo. Daktari mwenyewe amenikataza bidoni, kukaza kile kitenge, na kubeba mtoto mgongoni. Nikamwuliza, kwa siku ngapi? Akasema hizi si siku, ni miezi.

Na kuna neno moja alilolisema mara mbili, na Mama Georgette akalirudia njiani. Kwamba mguu ukikataa kabisa, ao nikianza kufa ganzi kule kwenye mapaja ya ndani, ao nikashindwa kujua kama ninataka kukojoa, nisingoje hata saa moja, nikimbizwe hospitali, kwa sababu mishipa ikifa huko huenda isirudi. Mama, tangu siku hiyo ninajigusa kila wakati. Nikichota unga ninajigusa paja. Nikimnyonyesha mtoto ninahesabu vidole vya mguu kwa kuvichezesha. Nikienda chooni ninashukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Ninaogopa. Ninaogopa kuwa mwanamke anayevutwa kwenye kiti na mtoto wake mwenyewe. Nina miaka ishirini na minne tu.

Unazitafuta mbwembwe za mwanao, eh? Hazipo, nimezitumia zote bombani.

Jambo la kumbeba mtoto ndilo lililonifichua. Pomadi unaweza kuificha, lakini mama asiyembeba mtoto lupangu nzima, wote wa ua mmoja, inamwona. Juzi Merveille alikuwa analia, mama mkwe anachagua maharage mlangoni.

"Mutoto analia. Umubebe."

Nikamchukua mikononi, nikakaa.

"Ku mugongo, Sifa. Njo anapenda."

"Siwezi, mama."

"Hauwezi nini?"

"Mgongo, mama. Ulirudi. Ulirudi kesho yake."

Hakupiga kelele. Aliangalia kwanza upande wa jirani kama kuna aliyesikia. Halafu akasema polepole, "Usiseme ile neno mu hii nyumba." Akainuka, akamchukua Merveille, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, na tangu juzi ni yeye anayembeba. Maji pia anateka yeye, kabla watu hawajaamka. Haniambii neno. Sijui kama ni hasira ama ni huruma, na ninaogopa kuuliza. Mama, mimi huyu mwanamke simchukii. Alisimama kule mbele akacheza kwa sababu alinipenda, nina hakika na hilo.

Lakini Jumapili hii anakuja mhubiri mgeni kutoka Lubumbashi. Mchungaji ameshatangaza kwamba Mama Ushuhuda atasimama tena, na bidoni itakuwepo. Mama mkwe alikuwa amekubali kwa niaba yangu kabla ya mambo haya, na mpaka leo hajakwenda kusema hapana. Jumamosi Baba Merveille anapanda kutoka Kambove. Nitamwambia yeye kwanza, kila kitu, hata cha pomadi. Halafu Jumapili nitasimama, kwa sababu nisipokwenda watasema yao. Nitasema kwamba siku ile nilisikia nafuu kweli na ninamshukuru Mungu kwayo, kwamba maumivu yalirudi, na kwamba ninakwenda kwa munganga. Sitaigusa bidoni. Nimejizoeza kuyasema hayo chooni, na kila mara sauti inakatika pale pa "yalirudi". Utakapoipata barua hii Jumapili itakuwa imepita, nami nitakuwa nimeshajua nani bado ananisalimia.

Nawe pia ninakuomba uende kwa wenzako wa maombi, uwaambie mwanao bado ni mgonjwa. Waombe tena. Ninajua ni aibu ninayokutuma kuibeba.

Unisalimie dada Riziki, mwenye kunisomea na kunifichia siri tangu utoto. Msalimie mjomba wa bandarini, umwambie redio yake bado inalia. Msalimie shangazi aliyenifunga kilemba siku ya arusi, na bibi wa nyumba ya pili, kama bado anauliza habari zangu. Mama Georgette anakusalimia bila kukujua.

Kuna neno moja nimelibakiza, na ndilo hasa nililoandikia. Jana kine alinionyesha namna ya kuamka kitandani bila kuumia: ugeuke ubavu, ushushe miguu, usukume kwa mkono, halafu ushike ukuta na upumue kabla ya kunyooka. Nilipofanya nikasimama pale pale na mkono ukutani. Ni wewe, mama. Hivyo ndivyo ulivyoamka kila asubuhi ya maisha yangu. Pale ukutani kwetu, karibu na kitanda chako, kuna alama nyeusi ya kiganja, na sisi watoto tulidhani kila nyumba inayo. Hukuwahi kusema unaumwa. Hata siku moja.

Hiyo ya mgongo ilianza kwa mimba ya nani kati yetu, ya Riziki ao yangu? Na iliisha lini? Mpe Mama Feza jibu, na uandike kweli tupu. Kama haikuisha, andika haikuisha. Usinipigie vigelegele.

Mwanao anayekuogopea na kujiogopea,

Sifa