Hita ya Chumba cha Kukaushia

Dada yangu mpendwa,

Sisi wazima, ila kwa mvua hii nguo za wateja hazikauki. Mama amenunua hita kubwa ya chumba cha kukaushia.

Jana fundi wa mtaani alikuja kuifunga, akaukata waya wa hita wa kijani na njano. "Huu urembo tu," akasema. Nikasimama mbele ya swichi kuu asiiwashe.

"Huo ni waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini. Mama anashika kila kitu kwa mikono yenye maji. Hita ikipiga shoti, umeme utapita mwilini mwake."

"Makubwa! Hata wewe Kimya unasema?" fundi akacheka. "Nani kakufundisha?"

"Dada."

Mama hakucheka. Tangu akwambie kwamba umeme si kazi ya binti, nawe ukaondoka, hajawahi kukutaja. Alifuta mikono polepole, akamwambia fundi afungashe vifaa vyake.

Sasa hita imekaa tu, swichi na kidhibiti joto bado vimo kwenye boksi. Nguo zinanuka uvundo, wateja wamenuna. Asubuhi nilimuuliza Mama tumwite fundi gani.

"Mwandikie dada yako," akasema. "Mwambie kazi yake inamsubiri."

Mdogo wako anayekuwekea kitanda tayari,
Kimya