Miguu ya Matilda na Sheria Yangu ya Mawe

Bergen, Norwe

Kwako mdogo wangu Matilda,

Amani ya Bwana ikufikie hapo Endagikot, na ikukute umekaa. Nasema umekaa kwa makusudi. Sababu utaiona mbele. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Nyumba ya binti yangu ina joto na chakula kipo, lakini siku hupita bila mtu wa kuniamkia. Wewe nawe hujaniletea shikamoo hata moja tangu niondoke, mwaka wa nne sasa. Sikulaumu.

Habari zako nazipata kwa mwanao Gabrieli. Ameniambia kwamba kila Jumapili unapanda kwenda kigangoni peke yako, kabla ya wengine, bila kusimama hata mara moja. Ameniambia pia kwamba mwezi uliopita ulianguka karibu na mlango wa kanisa, ukajifuta vumbi, ukaingia kana kwamba hakuna jambo. Akikusihi upumzike njiani unamjibu, "Nilishapumzika siku moja, ikatosha."

Najua ni siku gani.

Tulikuwa tukibeba mawe ya msingi wa kanisa kutoka kijitoni, kila mwanamke na jiwe lake kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa katekista, na ile sheria niliitunga mimi. Katika shule ya makatekista nilikuwa nimefundishwa habari za wale sabini waliotumwa na Yesu, walioagizwa wasimwamkie mtu njiani, nikaona agizo hilo linatufaa. Masika yalikuwa karibu, na akina mama walisimama kila nyumba: shikamoo, marahaba, za nyumbani, ng'ombe wanaendeleaje, mtoto amepona? Nikatangaza kwamba mwenye jiwe kichwani haamkii mtu, na atakayelitua kabla ya kufika, jiwe lake halitaingia katika msingi. Hakuna aliyenipinga. Nani angepinga andiko?

Wewe ulilitua lako pale njia inapopinda, ukalikalia. Nilipokurudia ulisema kwa sauti ndogo, "Dada, miguu imekataa. Pumzi ninayo, ila miguu imekataa."

Nikakujibu wote wakisikia, "Miguu haikatai, Matilda. Moyo ndio unaokataa."

Mke wa mwenye mashine ya kusaga akasema tukuache, kwa kuwa umeanza kuatamia. Wanawake wakacheka, nami sikuwanyamazisha. Tangu hapo wakakuita Mama Atamia, na jiwe lako lipo palepale hadi leo.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Daktari mmoja wa huku, mwanamke tunayesali naye, aliwaalika akina mama wazee na mabinti ili apime jinsi damu inavyokwenda miguuni mtu anapofanya kazi. Nilikwenda na mjukuu wangu Neema awe mkalimani. Yeye ndiye aliyetangulia kupimwa. Aliketi kitini, akawa anasukuma uzito kwa mguu mmoja, huku daktari akimwekea pajani kifaa kinachotoa sauti ya damu inavyopita. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo. Alivyozidi kusukuma ilivuma kama kijito chetu mvua inapokuwa imenyesha juu msituni.

Zamu yangu ikaja, kwa uzito uleule. Sauti ya damu yangu ilipanda kidogo, ikabaki hapo. Nilisukuma, nikasali, nikasukuma tena, haikupanda. Paja likawaka moto, kisha likawa zito kama limefungwa kamba, na mguu ukasimama. Pumzi nilikuwa nayo, Matilda. Moyo wangu ulitaka. Nikajisikia nikisema, "Miguu imekataa."

Daktari alieleza taratibu. Msuli ukifanya kazi huomba damu, na mishipa ya kijana hufunguka ili iupe. Mwanamke akizeeka, baada ya hedhi kukoma, mishipa ya miguuni haifunguki tena kama zamani. Msuli unaomba, na kinachoufikia ni pungufu. Nilimuuliza kama huo ni uvivu. Neema aliona haya kulitafsiri swali hilo, lakini nilimshurutisha. Daktari akasema hapana. Anayejibidisha huwa na nafuu kuliko anayelala, ila naye huzeeka, na kuna mahali atahitaji kusimama. Tusiache kutembea, akasema, bali tutembee na kupumzika.

Niliporudi nyumbani nilimkumbuka mama. Unakumbuka alivyokuwa akipanda kutoka mashineni? Alisimama kila nyumba, akaamkiwa, akaitikia, akauliza hata habari za ndama. Sisi tulisema anapenda maneno. Siku moja, nikiwa nimetoka shuleni na mafunzo yangu mapya, nilimkanya kwamba maneno mengi hayakosi dhambi. Alinitazama, akatabasamu, akamgeukia jirani na kumuuliza habari za kuku. Mama alikuwa akipumzisha miguu. Wanawake wazee wote wa mteremko ule walikuwa wakipumzisha miguu, na salamu ndiyo iliyowasitiri. Mimi nikaja na andiko, nikawavua sitara hiyo.

Miaka yote nimeungama makosa madogo madogo, na hili nililihesabu kuwa utumishi. Sijui kama utanisamehe, wala sidai. Lakini kwa kuwa nilikuaibisha hadharani, nimemtumia katekista mpya maneno haya haya, ayasome mbele ya akina mama. Nawe nakusihi usipande tena kwa ajili ya kunishinda. Umekwisha kunishinda. Kule kuanguka huenda kuna sababu nyingine, hivyo Gabrieli akupeleke hospitali ya Haydom wakakutazame.

Mimi sidhani kama nitauona tena mteremko ule. Nguvu zinapungua, na udongo wa huku nimeanza kuuzoea kwa macho.

Katekista aliuliza kama jiwe lako sasa liingizwe katika ukuta. Nimemwomba asiliondoe. Waligeuze tu, upande wa bapa uwe juu.

Nisalimie Gabrieli na mkewe, na shemeji yetu mjane, na mama yangu wa ubatizo kama bado anasikia. Msalimie pia mke wa mwenye mashine. Mwambie zamu ya miguu yake haiko mbali, nami namwombea kwa Mungu.

Na Jumapili ukifika pale njia inapopinda, keti. Akuamkiaye umwitikie, umuulize habari za nyumbani, za shamba, za kila ndama. Salamu iwe ndefu.

Dada yako,
Anjelina