Yule Ombaomba Uliyesema Humjui

Mikumi

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Mguu wa Mama umepoa? Wifi na watoto hawajambo? Na mpunga wa huko Kidete, mto umewaachia au umebeba tena? Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma kwa wivu, na sioni haya kukwambia.

Wiki iliyopita mtendaji wa kata alipita na kipaza sauti. Kuomba stendi na kando ya barabara sasa ni kosa. Atakayekamatwa atarudishwa kwao, mradi ndugu aje kumsainia. Asiye na ndugu, mahakamani. Mimi na mwenzangu Tatu, asiyeona, tukacheka. Nani atahangaika na vilema? Jumanne mgambo wakatupakia kwenye pikapu, abiria wa basi la Iringa wakituchungulia.

Kesho yake kaka yake Tatu akafika kutoka Ruaha, bado ana nguo za kukatia miwa. Akamshika mkono: "Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia?" Nilimwonea wivu hadi nikakataa kumuaga. Ana nini cha kunizidi yule? Mimi naona, nimesoma hadi la saba, na bado ni yeye aliyefuatwa. Mimi nikabaki kwenye benchi la ofisi ya kata.

Maana wewe walikupigia simu mbele yangu, na sauti yako nikaisikia. "Mdogo wangu anauza karanga Mikumi. Huyo ombaomba simjui." Ukakata. Mtendaji akaniambia, "Dada, acha kutaja ndugu za watu."

Sikulaumu. Karanga nilizitunga mimi, ili Mama apate la kuwajibu majirani. Kaka, sijawahi kuuza hata punje. Mguu huu hausimami kutwa na beseni kichwani. Miaka yote nakaa chini na kikopo, na kwa simu nisingeweza kulitamka hilo.

Wamenipa muda hadi Jumatatu ndugu aje. Barua hii anaileta kondakta wa basi la Kilosa, mtu mwaminifu. Mpe Mama shikamoo yangu, ila usimsomee. Msalimie wifi, nawe kitindamimba wako umbusu kwa niaba ya shangazi yake.

Ukifika ofisi ya kata, usiulizie muuza karanga, watakurudisha. Sema umemfuata kiwete anayeomba pale stendi, na kwamba ni mdogo wako.

Nakungoja,
Mwanaidi