Farasi wa Dumila

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kinole hatujambo. Mama yako yuko kwenye karafuu, na miguu yangu bado inapanda mlima, ingawa kwa kunung'unika.

Unasema chuoni mmeambiwa mchore farasi, nawe hujapata kumwona. Unauliza kama mimi niliwahi. Nilimchora mmoja Dumila, miaka ile biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa na kila duka likataka picha ukutani. Mzee Shabani, muuza vitambaa, alitaka farasi. Sikuwa nimemwona hata mmoja, basi nikamtazama punda wa Omari muuza maji, nikamrefusha miguu na kumpunguza masikio.

Mzee Shabani akatazama weee. "Binti, huyu ni punda."

"Ni farasi, mzee."

"Punda. Tena wa Omari."

Nikachovya brashi kwenye chokaa nimfute. Hapo Omari akapita na mkokoteni, na punda wake akasimama mbele ya ukuta, akagoma kuondoka. Watu wakajaa, wakicheka. Mzee Shabani akanishika mkono. "Mwache."

Farasi nimekuja kumwona kwenye televisheni, uzeeni. Ni mzuri, ila simjui.

Jirani zenu huko hawana punda?

Bibi yako