Shimo la Vrhe Halijai

Jumapili, 17 Machi 2013
Mvua: hakuna.

Leo sikwenda kanisani. Nimemwambia mke wangu Rezka mgongo unauma. Mgongo hauumi. Kengele ilipolia na kijiji chote cha Vrhe kikawa kimepiga magoti, nilifunga tela kwenye trekta, nikapakia yale madumu manne ya sumu ya kunyunyizia mizabibu, nikayapeleka shimoni, kwenye lile pango letu la kwenda chini.

Miaka minane yamekaa bandani kwangu! Ushirika ulipovunjwa, mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo. Nikapewa niyapeleke mjini, siku ya serikali kukusanya sumu zilizopigwa marufuku. Nikatia sahihi kwamba nimeyapeleka. Ilikuwa wiki ya mavuno, na zabibu hazimngoji mtu. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho.

Sasa mjukuu wangu, Gaber, ameanza kutambaa, na Pasaka analetwa huku. Kila anachokishika anakitia mdomoni. Siwezi kumkaribisha mtoto kwenye nyumba yenye sumu bandani.

Kwanza nimebandua lebo. Tatu zimechanika. Moja imetoka nzima, nimeibana hapa kwa pini. Sijui kwa nini. Labda ni ile tabia ya stoo, karatasi haitupwi. Daftari hili mbele ni la mvua: miaka ishirini na mitatu ya kupima kila asubuhi saa moja kwa ajili ya watu wa hali ya hewa. Nyuma najiandikia mwenyewe. Hakuna anayefika huku nyuma.

Shimo limemeza. Nilihesabu mpaka saba ndipo nikasikia dumu likipasuka chini. Babu alitupa humo farasi. Baba alitupa jiko la chuma. Jirani yangu Lojz hutupa nguruwe wake wanaokufa, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kunusa kitu. Mavi ya kale hayanuki.

Nimenawa mikono mara mbili. Supu ya leo ilikuwa tamu sana.

Jumamosi, 30 Machi
Mvua: milimita 46, na theluji ya mwisho yote imeyeyuka.

Darinka, binti yetu, amefika na mtoto. Rezka amepeleka kikapu kanisani kikabarikiwe: paja la nguruwe, mayai, mizizi ya kuwasha pua. Gaber ameshuka tu mikononi mwa mama yake, moja kwa moja bandani! Nikamwacha. Sakafu nimeifagia kwa mikono yangu. Ametambaa kutoka ukuta hadi ukuta, amerudi na unyasi mmoja mdomoni, basi. Nilijiona babu kuliko mababu wote.

Darinka amekuja na chupa sita za maji ya kwao Studenec. Ati Gaber haupendi uji wa maji yetu. Sisi wa huku juu tunakunywa mvua ya mapaa, inayokusanywa kwenye kisima cha saruji. Wao kule chini wana chemchemi inatoka mwambani, baridi mpaka meno yanauma.

"Baba, yenu yana ladha ya vigae," kaniambia.

Tumecheka.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua: milimita 22.

Silvo, mume wa Darinka, kapiga simu. Ameokota samaki-watu watatu, wale viumbe wa mapangoni, mdomoni mwa chemchemi, wote wamekufa. Mvua kubwa huwatoa mmoja mmoja kwenye giza lao, hilo tunalijua tangu utotoni. Lakini huwa hai. Unawaona weupe, hawana macho, wana vidole kama vya mtoto mchanga, unawarudisha majini. Watatu kwa pamoja, tena maiti, hata mzee wa miaka tisini kule hakumbuki.

"Baba mkwe, huko juu mmewalisha nini?" Alikuwa anatania.

Nami nikatania. Nikasema labda wameonja divai ya Lojz. Nilicheka kwa sauti kumshinda.

Nilipoweka simu chini nilijikumbusha jambo. Maji ya Studenec yanatoka mlima wa Ravne, si kwetu, ndivyo watu wote wanavyosema. Hata mimi nimesema hivyo maisha yangu yote.

Ijumaa, 12 Aprili
Mvua: 3.

Amekuja msichana anaitwa Urša, mtaalamu wa mapango, buti zake zina matope mpaka magotini. Kaja kwangu kwa ajili ya hili daftari! Anataka kujua mvua ilinyesha lini na kiasi gani, alinganishe na maji ya chemchemi. Nikamsomea mimi mwenyewe, sikumpa alishike. Kasema, mzee Polde, watu kama wewe ndio wanaotusaidia, hesabu zako ni safi kuliko za kompyuta. Rezka kamkatia keki. Mimi nilikuwa natazama meza.

Jumapili ya tarehe 21 atamwaga rangi shimoni kwetu. Rangi isiyodhuru. Halafu watangoja waone inatokea wapi, kama ni Studenec au kwingine.

Kaniuliza kama kuna kitu kibaya kimetupwa hivi karibuni. Nikasema, vitu vya zamani tu, mwanangu. Farasi wa babu.

"Maana maabara ya kupima maji haiwezi kutafuta kila sumu iliyoko duniani," kasema. "Unawapa jina, wanatafuta jina. Bila jina wanapapasa tu."

Na mimi nikamwongezea keki. Ndiyo. Hicho ndicho nilichofanya! Jina liko hapa chini ya pini, nami nikamwongezea keki.

Jumamosi, 13 Aprili
Mvua: hakuna.

Nimeshuka Studenec na maji ya dukani, katoni nne. Nimemwambia Darinka nimesoma kwenye gazeti kwamba watoto wanafaa kunywa maji ya chupa. Kanishangaa. "Baba, wewe usiyenunua hata kiberiti? Watu wa mjini wanakuja kuchota kwetu, halafu mimi ninunue?" Katoni kaziweka chini ya ngazi.

Gaber anatapika tangu juzi. Daktari kasema ni meno. Huenda ni meno kweli. Meno mawili yanaonekana, ya chini.

Nilifungua mdomo mara mbili nimwambie. Mara zote mbili nikauliza habari za meno.

Jumapili, 21 Aprili
Mvua: 9.

Kijiji kizima kilikuwa shimoni. Gari la zimamoto nalo lilikuja, maana zimamoto ni vijana wetu wenyewe. Urša alishuka na kamba asubuhi. Alipopanda, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kule chini kuna kilima," kasema. "Mifupa, majiko, mafriji. Nguruwe wengi mno. Na madumu, mengine ya juzi juzi. Hayana lebo."

Hakumtazama mtu. Mimi nilijiona natazamwa na mawe.

Lojz kapaza sauti: "Nguruwe wengi ni wangu, lakini walikufa kwa hiari yao!" Watu wakacheka. Mimi pia. Nimekuwa hodari wa kucheka.

Saa sita kamili mchana walimwaga ile rangi. Ni unga mwekundu, lakini ukigusa maji unageuka kijani cha kuumiza macho. Zimamoto wakasukuma na maji ya tangi zima. Bwana Mvua, kaniita Urša, niandikie saa. Nikamwandikia saa.

Jumatatu, 22 Aprili
Mvua: 14.

Mvua ingejizuia wiki hii moja tu! Kila milimita inasukuma. Nimesimama kwenye kipimo changu asubuhi nikatamani kuandika uongo. Miaka ishirini na mitatu sijadanganya hata nusu milimita. Kwenye mvua, yaani. Nimeandika 14.

Jumanne, 23 Aprili
Mvua: 2.

Rezka alikuwa anachemsha mayai ya Jurjevo, sikukuu ya kesho, kwa maganda ya vitunguu. Hakugeuka.

"Baba Darinka. Lile banda ulilifagia lini?"

Nikasema, kabla ya Pasaka, kwa ajili ya mtoto.

"Miaka thelathini na sita nimekaa na wewe, sijakuona umeshika ufagio." Akatoa yai, akalirudisha. "Mimi nilijua yale madumu umeyapeleka mjini. Nikasema moyoni, hatimaye mume wangu kafanya jambo la maana."

Hakuniuliza tena, na hakulia. Kaendelea na mayai, moja moja, mpaka yakaisha. Baadaye sana akasema: kesho tunashuka kwa mtoto, utaingia kwake na uso upi?

Ninao huu mmoja tu. Naona aibu, basi, niliandike hivyo hivyo. Si woga wa faini. Ningelipa hata kesho. Ni kwamba Darinka anaamini mimi ndiye mtu mwangalifu kuliko wote anaowajua. Alishawahi kuwaambia watu hivyo mbele yangu.

Jumatano, 24 Aprili, Jurjevo
Mvua: hakuna.

Naandika mezani kwa Darinka, jikoni.

Asubuhi tulimfuata Jurij wa Kijani kama kila mwaka. Kijana wa watu kafungwa matawi mabichi toka utosini mpaka miguuni, anapitishwa nyumba kwa nyumba, wanaimba, anapewa mayai. Mwisho wa msafara huwa chemchemini, anyunyiziwe maji, mwaka uwe na mvua njema. Zamani walikuwa wanamtupa majini kabisa.

Tulipofika, maji yalikuwa yanatoka mwambani kijani!

Watoto walipiga kelele mpaka mlima ukaitika. Jurij kaingia majini, Jurij kaingia majini! Wakatia mikono, wakapakana usoni. Kijana mwenyewe kasimama na matawi yake hajui acheke au akimbie. Gaber mabegani kwa Silvo alikuwa anapiga makofi.

Urša katazama saa. Saa tatu asubuhi. "Saa sitini na tisa," kaniambia, kana kwamba ni zawadi yangu. "Ravne hawahusiki. Ni kwenu."

Watoto wakaendelea kupiga kelele. Halafu Darinka kasema: "Kwa hiyo mwanangu anakunywa nguruwe wa Lojz?"

Wote wakamgeukia Lojz. Silvo alimfuata akamshika kola. Nilingoja mzaha wake, maana Lojz hajawahi kukosa mzaha. Akavua kofia.

"Nguruwe ni wangu," kasema. "Nimetupa kila mwaka, tangu baba yangu yu hai. Sikujua, lakini hata kujua sikutaka. Nasema mbele yenu wote. Nitakwenda kuwatoa mwenyewe, mmoja mmoja, hata nikishushwa kwa kamba."

Silvo kamwachia. Bibi mmoja akampa yai, sijui kwa nini, na Lojz akaanza kulia nalo mkononi.

Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Ilikuwa rahisi tu, hatua mbili! Lojz wa mizaha, mlevi, ambaye maisha yangu yote nimejiona bora kuliko yeye. Nilimwonea wivu. Rezka alinitazama mara moja, kisha akaenda kukaa kwenye gari, na bado yumo humo.

Sasa Urša kaketi mbele yangu anajaza fomu ya maabara. Pale panapouliza kitafutwe nini, ameandika: vijidudu vya mizoga. Mstari wa pili mtupu. Kauliza madumu yale yalikuwa ya nani, Silvo kajibu, ya Lojz pia, ya nani mwingine.

Darinka yuko jikoni—nimesema jikoni, meza iko humu humu, nikinyoosha mkono namgusa. Hajachota maji ya kijani. Amechukua ya ndoo, ya jana, meupe. Anayachemsha.

"Vijidudu vinakufa kwa moto," Silvo kamwambia. "Chemsha vizuri tu."

Vijidudu, ndiyo. Mtunza stoo anajua kisichokufa kwa moto.

Katoni zangu bado ziko chini ya ngazi. Nimesema, Darinka, tumia yale ya chupa. Kasema, "Baba, leo usinianze." Macho yake mekundu.

Urša: "Mzee Polde, nipe daftari nichukue zile mvua za Machi." Nimemwambia ngoja, namalizia. Anadhani naandika mvua. Za Machi ziko mbele. Lakini daftari limekaribia kujaa, pini imetoboa mpaka huko, tundu lake linaonekana kwenye ukurasa wa tarehe 17, atageuza tu aone.

Naweza kuichomoa pamoja na lebo. Hata sasa, chini ya kiganja, nikajifanya napenga kamasi.

Maji yamechemka. Darinka anamimina unga, anakoroga. Gaber kashika mguu wa kiti changu, anajivuta, anataka kusimama. Urša kanyoosha mkono, anatabasamu, anasema, mzee wangu, inatosha, nipe. Kidole changu kiko juu ya pini na—