Kitabu cha Pili cha Mkata Mawe

Chumba cha nyuma, karakana ya milango,
Jumanne, mashine zimezimwa kwa chai.

Mpendwa mjukuu wangu, daktari wa vumbi,

Hujambo huko uliko? Unakula, au unakunywa chai tu na kufungua kurasa? Mimi mzima, ila magoti yamenigomea. Habari kubwa ni hii: kile kitabu chako kinene cha maradhi ya kazini, ulichowaachia mafundi wajielimishe, nimekisoma chote, jalada kwa jalada. Niulize lolote.

Basi usiniulize. Nimesoma ukurasa mmoja na kutazama picha, na picha ya mapafu niliishika kichwa chini nikadhani ni mizizi ya mti.

Barua yako imeninyima raha. Unasema hadithi umeziacha, eti anayetunza afya za wafanyakazi hana muda wa watu wa kubuni, asome kwanza vipimo vya vumbi na kelele. Nimesimama, nimezunguka benchi, nimerudi kukaa. Situlii. Sikiliza yaliyotokea.

Ule ukurasa wangu mmoja ulisema fundi aulizwe kama anakohoa. Nikamwendea baba yako, anapiga msasa mlango, unga wa mbao umemjaa mpaka kwenye kope.

"Wewe, unakohoa?"

"Sikohoi, mzee," akasema, akakohoa, akamalizia, "vumbi tu hili."

"Na barakoa aliyokuletea mwanao?"

"Inanibana pua."

Kitabu kikanikomea hapo. Ukurasa wa waongo sikuuona.

Nikafungua sanduku la riwaya zako. Sasa wakati wa chai nawasomea mafundi ile ya mkata mawe. Nasoma kama gari bovu, kila kilima nasimama, lakini wananisikiliza, hata Kipara, fundi wa vanishi, ambaye hajawahi kumsikiliza mkewe. Tukafika pale mkata mawe anapofua leso yake kwa siri, mkewe asione damu anayokohoa.

Kipara akacheka. "Mwanamume gani huyo anajifulia leso?"

Baba yako hakucheka. Aliweka kikombe chini, akatoka.

Mjukuu wangu, nilishamwona baba yako pale bombani nyuma akifua leso. Mtu ambaye hajaosha hata kijiko tangu aoe! Nikadhani mama yako hatimaye kamtia adabu. Hadithi ndiyo iliyonifumbua macho.

Nikamfuata. Nikamwambia twende ukapimwe kifua.

"Yule mke wa mkata mawe alikuja kujua?" akauliza.

"Kitabu cha kwanza kimeishia pale pale."

"Basi nikishajua mwisho wake, nitakwenda." Akawasha mashine.

Anatania, lakini kamaanisha. Ukaidi huo ni wa upande wa bibi yako, mimi sina. Amejificha nyuma ya mkata mawe, nami kisigino chake nakiona.

Hapa ninapoandika anakohoa ng'ambo ya ukuta. Kalamu imesimama. Haya, ameacha. Naendelea.

Sikukatazi vipimo. Visome, ndivyo vitakavyomtibu. Ila vipimo vinamngoja mtu afike hospitali, na huyu wetu kumfikisha ndiyo kazi yenyewe.

Mama yako anakusalimu. Anadhani nakuandikia kuomba soksi. Ya leso sijamwambia, mwenye kumwambia ni mumewe. Kipara naye anasalimu, barakoa siku hizi anaivaa, kidevuni. Mungu akupe macho ya kutosha vitabu vyote, vya kazi na vya porojo.

Sasa unilipe fadhila yangu. Ulipovunja kioo cha bibi yako nilisema ni mimi, nikanuniwa mpaka nikakonda. Kitabu cha pili unacho wewe, najua kipo chini ya hayo mavumbi yako. Kisome jioni moja, kisha mpigie baba yako umsimulie mwisho, wala usinitaje. Na ukikuta mkata mawe amekufa, mfufue. Wewe si daktari?

Ni mimi anayekupenda na kukusumbua,
Babu yako